Mdogo wangu anasoma chuo kwa simu akiwa Konde, sasa anataka kuacha. Tumsaidieje?

Bi Mwalimu, Wete (mwanzisha uzi)

Assalaamu alaykum. Nina jambo linaninyima usingizi, na kwa kuwa humu wamo walimu, wazazi na vijana waliolipitia, naliweka hadharani.

Mdogo wangu wa kike yuko mwaka wa pili wa shahada, anasoma kwa mtandao. Chuo kiko Bara, sikitaji jina. Yeye mwenyewe yuko Konde, huku Pemba, na bibi yetu. Hakwenda kukaa Dar wala Unguja kwa sababu bibi keshakuwa mtu mzima na hana mwengine wa kumchotea maji, na ada ikishalipwa haibaki pesa ya kukodi chumba. Basi simu ndiyo darasa, ndiyo maktaba, ndiyo mhadhiri. Mwaka wa kwanza alikwenda vizuri tu. Tangu baada ya Idi hafungui masomo, asaimenti hajapeleka hata moja, na wiki iliyopita kanambia, "Dada, mie naacha."

Kabla hamjasema bando: bando analo, mie ndiye ninayemnunulia. Umeme upo, tukuza natia mwenyewe. Simu yake nzuri kuliko yangu.

Ijumaa nilikwenda Konde, tukakaa ukumbini, nikamwambia hebu nioneshe hilo darasa lenu. Akanifungulia kundi la WhatsApp. Watu zaidi ya mia mbili. Nikaanza kupandisha juu: tarehe ya mtihani, namba ya kulipia ada, "jamani nani ana PDF ya wiki ya nne", kimya, tarehe ya mtihani imebadilika, mtu anauza viatu vya ngozi, kimya. Katikati ya hayo nikakuta swali la mdogo wangu, la takwimu. Swali zuri, la mtu aliyesoma akakwama mahali. Chini yake vidole gumba viwili, jibu hakuna. Akanambia: "Humu nikifa leo, atakayejua ni mhasibu."

Tulicheka pale pale. Lakini njia nzima ya kurudi Wete sikusema na mtu garini.

Hali hii mie si mgeni nayo. Skuli zilipofungwa Machi 2020, wiki ile ile alipotangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona Zanzibar, ZBC ilirusha vipindi vya masomo redioni na kwenye televisheni, na sisi walimu tukaanzisha makundi ya WhatsApp. Kidato cha sita walitangulia kurudi Juni mosi, wengine wakafuata. Vipindi vilikuwa vizuri, nasema kweli, baadhi ya walimu waliosomesha pale ni mabingwa. Ila redio haikuulizi jana ulikuwa wapi. Tulipofungua kuna madawati yalibaki matupu, na baadhi ya waliopotea nilikuwa nawategemea wanipe daraja la kwanza.

Sasa nauliza: mtu anayesoma peke yake, mbali na wenzake, mnamshikaje asidondoke? Msiniambie "mpe moyo". Moyo nishampa. Nataka kujua mlifanya nini khasa.

karafuukavu, Chake Chake

Mhamishe. Mpeleke Unguja, SUZA au chuo chochote chenye ukuta na mlango, akae dakhalia na wenzake. Msichana wa umri huo mnamfungia ndani na bibi na simu, halafu mnashangaa. Na bibi awekewe mtu.

Mama Watatu, Mkoani

Huyo mtu wa kuwekwa kwa bibi analipwa na nani, karafuukavu? Wewe?

Bi Mwalimu, mie sikusoma sana lakini 2020 nilikuwa na watoto watatu ndani na simu kubwa moja. Ya pili ilikuwa tochi. Mkubwa wa sekondari akaichukua ile kubwa, "masomo mama, masomo", haya. Wa mwisho mwalimu wake alikuwa akituma PDF, na ile tochi haijui PDF ni kitu gani. Mtoto yule hakusoma kitu, alicheza mpaka skuli zikafunguliwa.

Wa kati, wa darasa la tano, ndiye ninayetaka kukusimulia. Mwalimu wake alikuwa anapiga simu ya kawaida, kila Jumatano baada ya alasiri. Anapiga kwenye tochi. Cha kwanza hakimbilii hesabu. Anamuuliza, "Leo mmepika nini kwenu?" Mtoto anasema muhogo wa nazi na dagaa. "Dagaa wangapi walikuangukia wewe?" Basi wanacheka, halafu ndiyo anamwambia fungua daftari, tuliishia wapi. Robo saa tu, wakati mwengine haifiki. Jumatano mtoto anakaa kizingitini na daftari na penseli imeshachongwa, alasiri hata haijaadhiniwa. Ukimtuma dukani haendi, anasema nitakosa simu yangu. Simu YANGU, anasema, na simu ni yangu mie!

Yule ndiye aliyerudi skuli akiwa hakusahau kitu.

Mtafiti Asiyelipwa, Unguja

Mama Watatu, jambo lako hili limepimwa, na matokeo yake ni kama ulivyoyaeleza.

Botswana, 2020 hiyo hiyo, watafiti walichukua familia kama 4,500 zenye watoto wa darasa la tatu mpaka la tano. Fungu moja likawa linapelekewa ujumbe mfupi wa simu wenye hesabu ya wiki. Fungu la pili likapata ujumbe ule ule, na juu yake simu ya dakika 15 hadi 20 mara moja kwa wiki: mwalimu anampigia mzazi, mzazi anaweka sauti kubwa, mtoto anakaa hapo, wanaifanya hesabu pamoja. Fungu la tatu halikupata kitu, ili wapate kulinganisha. Waliopigiwa simu walipanda katika hesabu. Waliopata ujumbe peke yake hawakuachana kwa maana na wale ambao hawakupata kitu.

Hesabu ilikuwa moja na simu za kawaida tu, bila intaneti. Kilichoongezeka ni sauti ya mtu. Na wazazi nao wakawa wanajua kiwango cha mtoto wao kuliko kabla, jambo ambalo kwetu hapa mzazi hulijua siku ya matokeo.

Yakhe wa Kojani

Yakhe, mie nacheka mnaposema mbali. Mbali nini? Sisi wavuvi twenda dago, kambi ya uvuvi, mwezi, miezi, tunalala pwani za watu, mke na watoto tumewaacha kisiwani. Hakuna anayekufa kwa umbali. Lakini umeshaona mtu anakwenda dago peke yake? Haendi. Lazima awepo wa kupika, wa kuchelewa kuamka akatukanwa, wa kusimulia uongo usiku. Huyo dada wa Konde mumempeleka dago pekee.

Ni hayo tu. Mtandao wa huku umeanza kukata, naandika nimesimama juu ya kidau.

FundiMitambo, Chake Chake

Nimeipenda ya dago. Mie niongeze upande wa mitambo, maana mengi yanaharibika kwa sababu ya kuiga mambo ya Ulaya.

Kwanza, acheni video kila mara. Darasa la video la saa moja laweza kula zaidi ya nusu GB, na kwa mtandao wa shamba nusu ya saa ni "mnanisikia? mnanisikia?" Ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika moja haufiki hata MB moja. Mwalimu arekodi dakika tano, mwanafunzi asikilize akiwa jikoni, akiwa garini, mara tatu akitaka. Na mwanafunzi naye ajibu kwa sauti. Tofauti ni kubwa: mtu ukishaisikia sauti yake, na jogoo wa kwao nyuma, unamjua. Jina kwenye orodha humjui.

Pili, mia mbili si kundi, ni soko. Vunjeni. Watano, sita, mwisho wanane. Lile kubwa libaki la matangazo peke yake na wenye kuandika wawe viongozi tu, hata huyo wa viatu atapata salama yake.

Tatu, zimeni ile ya kupakua picha na video zenyewe kwenye WhatsApp. Nimeshuhudia wanafunzi wananunua bando asubuhi, saa sita limekwisha kwa video za harusi za watu.

Nne, siku moja kwa wiki, saa ile ile, mkutane wote kwa sauti ya moja kwa moja, hata dakika ishirini. Saa ikiyumba yumba watu wataacha kuja.

Kaka wa Mtambile

FundiMitambo, nimekusoma. Ila mdogo wangu hasikii, alizaliwa hivyo. Kwao darasani walipogeuza kila kitu kuwa ujumbe wa sauti, yeye ndiyo alitolewa nje kabisa, na wala hakuna aliyekusudia. Tulichowaomba wenzake ni kitu kidogo: kila sauti anayetuma aandike chini yake mistari miwili ya alichosema. Wakakubali. Ikawa hata wanaosikia wanaisoma hiyo mistari, kwa sababu nani ana muda wa kusikiliza dakika saba.

FundiMitambo, Chake Chake

Hilo sikulitaja na ni la maana. Liingie kwenye orodha yenu.

Nuru, Chake Chake

Naomba nizungumze mie niliye upande wa huyo dada. Nipo mwaka wa mwisho Chuo Kikuu Huria, nina mtoto mdogo, na kuacha nimekutaka si mara moja.

Jamani, simu zenu zinachosha. Ya Mama Watatu ni ya mtoto wa darasa la tano, sawa. Mie nilipoyumba, ukoo mzima ulijipanga kunipigia. Asubuhi kaka. Mchana ami. Usiku mama mdogo kutoka Tanga. Swali moja wote: "Umesoma leo?" Ikafika mahali simu naiweka chini ya mto. Mtu anayepigiwa ili akaguliwe hajioni kuwa ana watu, anajiona ana askari.

Kilichonirudisha kilikuwa chengine. Tulikuwa watatu wa Pemba kwenye kozi moja, na hatukujuana mpaka siku ya mtihani kituoni. Mmoja ni baba mzima, mwalimu wa msingi. Akasema: tugawane sura. Wewe ya tatu, mie ya nne, yule ya tano. Usisome ya mwenzio. Jumamosi kila mtu aje asomeshe yake. Nikaona huyu mzee anatafuta njia ya kusoma kidogo. Kumbe. Wiki ile mwanangu alikuwa na homa, usiku silali, na kama ningekuwa najisomea mie ningeacha bila ya kufikiri mara mbili. Lakini sura ya tatu niliisoma, kwa sababu nisipokwenda nayo, baba wa watu anaingia mtihanini hana sura ya tatu. Ananingojea mie. Tangu nianze masomo yale hakuna mtu aliyekuwa ananingojea.

Na hili si jipya kwetu. Sote tumepita chuo cha Kurani. Mwanafunzi akishatangulia kidogo anapewa wadogo wawili watatu awasikilizishe, anaitwa khalifa. Nani amewahi kuona khalifa anatoroka chuoni?

Kwa hiyo Bi Mwalimu, usimuulize mdogo wako anahitaji msaada gani. Mtafutie mtu anayeuhitaji msaada wake. Swali lake la takwimu umelisifu mwenyewe. Basi katika hao mia mbili wapo ambao hata kuliuliza hawajafika.

Bi Mwalimu, Wete

Nuru, nimekaa na ujumbe wako tangu jana usiku.

Nina la kuuliza. Mie mwenyewe nina wasiwasi wa kumbebesha mtu aliyechoka. Yeye hana nguvu ya masomo yake, nimwambie akasomeshe mwengine? Na pia nawajua watu wa kwetu, wakisikia kuna binti wa chuo yuko bure Konde, wiki ya pili ana watoto wa kidato cha pili thelathini barazani na hakuna anayemlipa hata soda.

Nuru, Chake Chake

Ndiyo maana nikasema wenzake, wa kozi yake. Hao watoto thelathini wakija, waambie tuisheni ni ya kulipia. Na sura moja kwa wiki hata mtu aliyechoka anaimudu. Sura zote kumi na mbili, peke yako, mezani, ndizo zinazokufanya ulale.

karafuukavu, Chake Chake

Mie bado sijakubali. Hivyo vikundi tunavijua. Vinaanza na vitabu vinaishia na soga, nani kaolewa, nani kaachwa. Tena hao ni vijana wa kike na wa kiume wanakutana wapi, nyumba ya nani? Mzazi gani wa Konde atamruhusu bintiye?

Nuru, Chake Chake

Ami, soga ipo na tumeiwekea muda. Ukifika, robo saa ya mwanzo ni ya soga halali, kula muhogo wako, lalamika. Halafu vitabu. Tuliwahi kuikataza soga tukaona ndiyo inaingia katikati ya hesabu.

Kuhusu mahali: sisi tulikwenda mchana, mahali pa wazi, milango wazi. Mwanzo ilikuwa baraza ya skuli baada ya kumuomba mwalimu mkuu. Kuna vituo vya walimu pia, Michakaini hapa Chake, Mitiulaya huko Wete, Wingwi kwa watu wa Micheweni. Nendeni mkaombe kwa adabu na barua. Sheha naye ajue. Mzazi akijua nani yupo, wapi, na saa ngapi mtarudi, hakatai. Anachokikataa ni kufichwa. Na karafuu zikiiva tulihamisha Jumamosi ikawa usiku kwa simu, kwa sababu kutwa kila mtu yuko shamba au anageuza karafuu kwenye majamvi. Msimu ukisha tukarudi.

Mhadhiri Mstaafu, Unguja

Nimeingia kwa kuchelewa, mniwie radhi, na nitasema kidogo kuliko ninavyotaka.

Bi Mwalimu, chuo cha mdogo wako nacho kina deni. Uzi huu umewabebesha ndugu na jamaa kila kitu. Kusomesha watu kwa mbali si jambo la jana: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeanzishwa kwa sheria ya 1992, na tangu hapo kina vituo mikoani, Unguja na Pemba vikiwamo, kwa sababu walijua karatasi peke yake hazimshiki mtu. Anayesoma anahitaji pahala pa kwenda na uso wa kuuona, hata kama ni mara chache kwa mwaka.

Kuna jambo hunifurahisha kulisimulia. Majukwaa mengi ya masomo ya mtandaoni, pamoja na linalotumiwa na vyuo vyetu kadhaa, ni Moodle. Aliyeitengeneza, Martin Dougiamas wa Australia, alikulia jangwani, mbali na mji wowote, na utotoni alisoma kwa redio ya masafa. Skuli ya redio ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Alice Springs 1951. Mwanamke mmoja, Adelaide Miethke, aliona watoto wa mashambani wanajua kutumia redio za madaktari wanaoruka kwa ndege, akafikiri: redio hizi hizi ziwape masomo, na ziwakutanishe. Redio ile ilikuwa na njia mbili. Mtoto hakuwa wa kusikiliza tu, alibonyeza akajibu, na wenzake waliotawanyika huko jangwani wakamsikia. Hapo ndipo ilipotofautiana na redio tuliyokuwa nayo 2020.

Na sisi Zanzibar tuliwahi kuikaribia. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na kipindi cha redio cha watoto wadogo, Tucheze Tujifunze, kwa vijiji ambavyo mtoto hana skuli ya maandalizi karibu. Mtoto hakuachwa na redio peke yake nyumbani. Walikusanywa kikundi, barazani au chini ya mti, pamoja na mlezi wa kijijini, redio ikisema rukeni wanaruka, ikiuliza wanaitikia wote. Wazee wenzangu mlioko humu mtakumbuka makelele yake. 2020 tulirudi kwenye redio tukakiacha kikundi, na kwa sababu ya maradhi sielewi kama tungeweza vyengine. Lakini sasa hakuna maradhi, na bado tunamwacha mtu na simu yake.

Chuo kifanye nini? Kila mhadhiri awe na mafungu madogo na kila fungu liwe na mtu wa kuliangalia, hata mwanafunzi wa mwaka wa juu. Asiyeonekana wiki mbili apigiwe, kwa jina lake, kabla ya kupelekewa barua ya kufutwa. Swali likiulizwa lijibiwe ndani ya siku mbili, hata kwa kusema "nimeliona, nitarudi". Vidole gumba si jibu. Mdogo wako aandike kwa idara, aombe orodha ya wanafunzi wenzake walioko Pemba. Kama chuo hakitaki kutoa namba za watu, na kina haki, basi chenyewe kiwaulize hao watu kama wanataka kuunganishwa.

Muuguzi wa Zamu

Neno moja kabla hamjafika mbali. "Nataka kuacha" wakati mwengine ni masomo, wakati mwengine ni mtu anaumwa. Bi Mwalimu, analala? Anakula? Anatoka hata kwenda dukani? Vitu alivyokuwa akivipenda bado anavipenda? Kama kila kitu kimezima, na si masomo tu, mpeleke kituo cha afya akazungumze na mtu, msimalize kwa vikundi. Na walimu wa skuli mnaosoma humu: mtoto mdogo akipotea kwenye masomo ya mbali, ulizeni pia usalama wake nyumbani. Namba 116 ni ya kusaidia watoto, bure, saa zote.

Bi Mwalimu, Wete

Ahsante Muuguzi. Anakula, analala, Jumapili alikuwa harusini na kashona nguo mpya. Ni masomo.

Mpemba wa Muscat

Niko Muscat. Nisaidie vipi? Naweza kutuma kishkwambi.

Mama Watatu, Mkoani

Baba, umesoma uzi? Simu anayo! Ukitaka kutuma, tuma nauli za Jumamosi.

Mpemba wa Muscat

Haya, nauli. Nimeelewa. Msinipigie makelele.

Bi Mwalimu, Wete

Nimerudi na habari, za nusu.

Mdogo wangu nilimsomea ujumbe wa Nuru, wote, na mengine nikayaacha. Akanyamaza, halafu akaingia kwenye lile kundi la mia mbili akaandika mstari mmoja: "Nani yuko Pemba?" Mie nilitegemea vidole gumba. Wakajibu wanne. Mmoja yuko Wete, mtaa wa pili na skuli yangu. Mmoja Kiuyu, ana watoto wawili. Mmoja ni kaka wa Chake anayefanya kazi bandarini. Na wa nne yuko Msuka, anapanda gari ya Konde kila siku kuja kuuza duka la dawa, na mdogo wangu hununua panadol za bibi kwake. Mwaka mzima na nusu wanasema "habari ya asubuhi" na hawajui kuwa mtihani wao ni mmoja.

Wamegawana sura. Yeye kachukua takwimu, kwa kujitolea, na tangu juzi ananipigia mie kuniuliza namna ya kumfahamisha mtu mkengeuko sanifu bila ya kumtisha. Asaimenti mbili zimekwenda, zimechelewa, zitakatwa alama. Moja mhadhiri kakataa kuipokea. Bado anasema huenda akaahirisha muhula huu akarudi mwakani, na mie sijamwambia asifanye. Barua kwa idara tumeiandika kama alivyoelekeza Mhadhiri Mstaafu, jibu bado.

Nami kidato changu cha nne nimewagawa sita sita kwa ajili ya likizo, kila fungu na mtu wake wa kuwauliza wenzake. Wawili kati ya hao niliowachagua ni watoro sugu. Mwalimu mwenzangu kaniuliza kama nina akili timamu. Tutaona.

Kilichobaki ni mahali. Kituo cha Wingwi ni mbali kwa wa Msuka na kwa wa Kiuyu ni gari mbili, na nyumba ya bibi ni ndogo.

karafuukavu, Chake Chake

Wewe Bi Mwalimu. Nina ghala Konde, karibu na sokoni, halina kitu mpaka msimu. Lina umeme, madirisha mawili, mlango unatazama barabarani, kila mpita njia anaona ndani. Ufunguo nitamwachia kaka yangu, nitakutumia namba yake pembeni. Ila msimu ukiingia mnatoka, karafuu hazina adabu.

Bi Mwalimu, Wete

Ami karafuukavu! Mwenyezi Mungu akulipe. Na wewe si ulisema soga?

karafuukavu, Chake Chake

Robo saa, nimeambiwa.

Nuru, Chake Chake

Feni lipo?

karafuukavu, Chake Chake

Lipo, lina kelele. Viti njooni navyo.